Farasi umfundishe dakika ngapi kwa siku? Namna ya kuamua

Ukiuliza farasi afundishwe muda gani, wengi watakujibu lisaa. Ukiuliza kwa nini lisaa, hakuna anayejua vizuri, ni kwamba masomo ya wapandaji yamepangwa kwa saa basi na farasi naye akaingizwa humohumo. Lakini farasi hana saa. Yeye ana mapafu, ana miguu, ana mgongo, na ana kichwa ambacho kinachoka mapema kuliko hivyo vingine vyote, na hapo kwenye kichwa ndo watu wanakosea.

Kwanza tenganisha mambo mawili, kumtembeza na kumfundisha. Farasi mwenye pumzi nzuri anaweza kutoka na wewe masaa mawili mnaenda taratibu njiani akarudi mzima kabisa, hiyo ni kazi ya mwili na mwili wake umeumbwa kutembea, akiwa huru malishoni anakuwa kwenye miguu siku nzima anakula huku anasogea. Kumfundisha ni kumuuliza swali, anatafuta jibu, anakosea, unamuuliza tena, na hiyo inamla sana. Kwa farasi mzima aliyezoea kazi mimi nahesabu dakika 15 mpaka 20 za maswali ya kweli, basi. Dakika nyingine zote ni za kumwandaa na kumpoza.

Kwa hiyo ukipanga kipindi usianze na jumla, anza na vipande. Dakika 10 mpaka 15 za mwanzo ni kutembea tu, hatamu umeachia, hasa kama alilala bandani amesimama usiku kucha, maana viungo na kano vinataka muda vipate joto na ute wa kwenye maungio uanze kufanya kazi. Kisha dakika 5 hivi za mchakamchaka mwepesi kwenye duara kubwa, pande zote mbili. Halafu ndo zile 15 au 20 za somo, tena sio mfululizo, fanya dakika 3 au 4, mwache anyooshe shingo atembee dakika moja au mbili, rudi tena. Mwisho dakika 10 za kutembea mpaka pumzi itulie. Ukijumlisha unapata kama dakika 40 mpaka 50, na mtu aliyekaa pembeni anaweza kudhani umetembea tu muda wote, mwache adhani hivo.

Hizo dakika za kutembea katikati ya somo usizione ni muda umepotea. Farasi anajifunza pale unapoachia, sio pale unapokaza. Unagusa na mguu, anasogea, unaondoa mguu palepale, kwenye ule kuondoa ndo anaelewa kwamba aha, kumbe alikuwa anataka hivi. Ukichelewa sekunde kadhaa anakuwa ameshafanya kitu kingine na ndicho anachodhani umekisifia. Sasa mapumziko ya dakika nzima ndo kuachia kukubwa kuliko kote, kwa hiyo yaweke mara tu baada ya kitu kizuri, usiyaweke kwa sababu wewe umechoka.

Kuna farasi jike mmoja wa rangi ya kahawia nilikuwa namfundisha kusogea pembeni kwa kumgusa na mguu wa kushoto, tulihangaika siku kadhaa anakimbilia mbele tu, siku moja kwenye dakika ya 22 hivi nikaona sikio lake la kushoto limegeuka nyuma linanisikiliza, nikasikia mgongo unanyanyuka chini ya tandiko, mguu wa nyuma wa kushoto ukavuka mbele ya mwenzake, hatua mbili safi kabisa, akapuliza pumzi ndefu puani. Pale nilitakiwa niachie hatamu, nimsugue shingo, nishuke. Mimi nikasema ngoja turudie ili akariri. Tukarudia, ikatoka nusu. Tukarudia, haikutoka. Tukaendelea mpaka lisaa na zaidi, mkia unapiga huku na huku, taya ameikaza kwenye lijamu, kile chuma cha mdomoni, na nikashuka tukiwa wote tumekasirika. Kesho yake nilipoingia bandani na hatamu mkononi akanigeuzia makalio kwenye kona. Ilinichukua wiki mbili kurudi kwenye zile hatua mbili nilizokuwa nimeshapewa bure, na mpaka leo nikimkumbuka yule farasi naumia, maana alinijibu sawasawa na mimi ndo sikusikia.

Na hapa niseme kitu kuhusu ule ushauri kila mtu anautoa, eti maliza kwa jambo zuri. Ni ushauri mzuri lakini umewaponza watu wengi, kwa sababu mtu anaufuata vibaya, jambo zuri halitoki basi anaendelea kulitafuta saa nzima, saa na nusu, farasi ameshachoka hawezi hata akitaka. Jambo zuri sio lazima liwe lile ulilokuja nalo leo. Ukiona imegoma mara tatu nne, shuka ngazi, muombe kitu anachokijua tangu zamani, kusimama vizuri, kurudi nyuma hatua mbili, duara moja la mchakamchaka uliotulia, akikupa mpe sifa na mmalize hapo. Hutakuwa umeshindwa. Na kama siku tatu mfululizo jambo lilelile linagoma, acha kufikiria dakika, kagua maumivu: meno, mgongo, tandiko linalobana, kwato. Farasi anayeumwa hafundishiki hata ukimpa dakika 5.

Umri unabadilisha kila kitu. Farasi wa miaka mitatu au minne mimi simkalii mgongoni zaidi ya dakika 20, pamoja na kutembea, mara tatu au nne kwa wiki inatosha, maana mifupa ya uti wa mgongo ni ya mwisho kukomaa, inafika mpaka miaka mitano na kuendelea, hata kama kwa macho anaonekana jitu zima. Mdogo zaidi ya hapo mfundishe ukiwa chini, kuongozwa, kusimama, kuinua miguu, dakika 10 zinamtosha, ukimuona anaanza kukutafuna mikono au kuangalia mbali basi darasa limeisha. Mzee naye anataka kinyume, maandalizi marefu na somo fupi. Na yule anayerudi baada ya kupumzika miezi, huyu ndo wa kuwa naye makini kuliko wote, kwa sababu pumzi na misuli inarudi ndani ya wiki chache halafu kano na mifupa inataka miezi mingi, kwa hiyo atakudanganya, atajisikia ana nguvu, atataka kwenda shoti, na miguu bado haijawa tayari. Anza naye kwa kutembea wiki kadhaa, ongeza dakika chache chache, na usiongeze muda na ukali wa kazi kwenye wiki moja.

Kumzungusha kwa kamba wengi wanachukulia ni kazi nyepesi kwa vile hakuna mtu mgongoni. Sio kweli, duara linabana viungo vya upande wa ndani muda wote. Dakika 15 mpaka 20 jumla, badilisha upande kila baada ya dakika chache, na duara liwe pana, kipenyo mita 15 kwenda juu, 20 ndo nzuri.

Sasa ukiwa juu utajuaje muda umefika? Angalia mabadiliko, sio dalili moja. Alikuwa mwepesi mkononi, sasa ameanza kuegemea lijamu kama anataka umbebee kichwa. Alikuwa na mdundo sawa, sasa anajikwaa au anakokota ncha za kwato. Alikuwa anajibu mguso mmoja, sasa unagusa mara tatu. Hapo watu wengi wanaongeza nguvu wakidhani ni ukaidi, na kwa uzoefu wangu mara nyingi ni uchovu tu. Mkia kuchapa bila nzi, masikio kulala nyuma moja kwa moja, hizo zimekuja kwa kuchelewa, ulitakiwa uwe umeshaona kabla.

Ukitaka uhakika pima mapigo ya moyo. Weka vidole viwili chini ya taya, upande wa ndani wa mfupa, utakuta mshipa unateleza kama kamba nyembamba, hesabu sekunde 15 zidisha kwa 4. Farasi aliyetulia yuko kati ya 28 na 44 kwa dakika. Baada ya somo la kawaida na dakika 10 za kutembea nataka nimkute kwenye 60 au chini yake, na pumzi isiwe inatikisa ubavu. Kama bado yuko juu sana, ulizidisha, na kipindi kijacho punguza. Fanya hivi wiki mbili tu utaanza kujua farasi wako bila hata kupima.

Siku ya joto na unyevu, kata somo karibu nusu bila kujadiliana na mtu. Farasi akifanya kazi nzito kwenye joto anaweza kutoa jasho lita 10 mpaka 15 kwa saa, na hewa ikiwa na unyevu lile jasho halikauki kwa hiyo halimpozi. Mmwagie maji ya baridi mwili mzima, endelea kumwagia, na mwache anywe, ile ya kumnyima maji eti kwa sababu ana joto iache.

Kwa wiki, usimpe somo lilelile kila siku. Farasi waliofundishwa jambo kwa kuachiwa siku katikati wameonekana kulishika kwa vipindi vichache kuliko waliofundishwa kila siku, na hata mimi nimeona, kitu kilichogoma Jumanne unakiacha, Ijumaa anakupa chenyewe. Siku za katikati ni matembezi au malishoni.

Weka daftari dogo karibu na tandiko. Andika dakika za somo, alikupa nini, uliishia wapi. Halafu kesho asubuhi kabla hujapanga chochote mtoe bandani umwangalie anavyotembea, pitisha mkono kwenye miguu yote minne, muulize saisi, yule anayemhudumia farasi, kama alimaliza chakula. Hatua zikiwa fupi, miguu imejaa au ina joto kidogo yote, andika pembeni ya dakika za jana kwamba zilikuwa nyingi, na leo mpumzishe au mtembeze tu kwa mkono. Mguu mmoja peke yake ukiwa na moto, au anachechemea, ita daktari wa mifugo usimtembeze kokote.