Jinsi ya Kuizuru Petra Bila Kuishia Mbele ya Hazina

Wageni wengi waendao Petra, mji wa kale nchini Yordani, hurudi kwao wakiwa wameona jengo moja tu. Hufika kwa basi kutoka Amman au Aqaba jua likiwa limeshapanda, huteremka kwenye korongo, hupiga picha mbele ya Al-Khazneh, yaani Hazina, kisha hugeuza wasije wakaachwa na dereva. Mji wenyewe, uliokuwa makao makuu ya Wanabatea, watu wa kale wa Kiarabu, na kituo kikuu cha biashara ya ubani na manemane kabla ya kutwaliwa na dola ya Roma mwaka 106 BK, huanzia pale wanapogeukia. Anayetaka kuuona na alale usiku usiopungua mbili Wadi Musa, mji mdogo ulio langoni, umbali wa takribani saa tatu kwa gari kutoka Amman na saa mbili kutoka Aqaba.

Kulala huko hupunguza pia gharama. Tiketi ya siku moja imekuwa ikiuzwa dinari 50 za Yordani, ya siku mbili 55 na ya siku tatu 60, ilhali mgeni anayefika na kuondoka bila kulala nchini hutozwa 90, na dinari moja ina thamani kubwa kuliko dola ya Marekani. Upo pia mpango uitwao Jordan Pass, unaoanzia dinari 70, ambao hujumuisha kiingilio cha Petra na humwondolea mgeni ada ya viza ya dinari 40, mradi aununue kabla ya kufika na alale nchini angalau usiku tatu. Hata hivyo, kuondolewa ada si sawa na kuhakikishiwa viza: si kila pasipoti hugongewa muhuri uwanjani, na wapo wanaotakiwa kupata kibali mapema, kwa hiyo uliza ubalozini kabla ya kulipia ndege wala usitegemee aliyokusimulia rafiki mwenye pasipoti ya Ulaya.

Miezi mizuri ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Kiangazi joto huchosha mno, na katika majira ya baridi usiku ni mkali kiasi kwamba mtu wa pwani atajuta asipobeba koti zito. Mvua ndiyo ya kuogopwa zaidi. Siq, yaani korongo la kuingilia lenye urefu wa kilomita 1.2, ni njia ya maji ya mafuriko, na Wanabatea wenyewe walijenga bwawa na kutoboa mwamba ili kuyageuza maji yasiingie humo. Mwaka 1963 mafuriko ya ghafla yaliua zaidi ya watalii 20 wa Kifaransa. Walinzi wakifunga njia kwa sababu ya mawingu yaliyo mbali, usibishane nao.

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa hiyo ndiyo ya kuingia. Ndani ya Siq tembea polepole, ukitazama mifereji iliyochongwa kando ya kuta, kwa maana bila ufundi huo wa kukinga na kusafirisha maji mji mkubwa usingeweza kuishi katika jangwa hili. Mwishoni mwa korongo, kuta hufunguka na Al-Khazneh hujitokeza, yenye kimo cha karibu mita 40. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, kwani jina hilo ni ndugu wa neno letu hazina. Wabedui, yaani Waarabu wa jangwani, waliamini kwamba chungu cha jiwe kilicho kileleni kimejaa dhahabu, wakakipiga risasi ambazo alama zake zingalipo. Kumbe chungu hicho ni jiwe tupu, na jengo lenyewe linahusishwa na maziko, si na mali.

Usikae sana hapo siku ya kwanza. Pita mbele ya ukumbi wa michezo uliochongwa mwambani, uyaone Makaburi ya Kifalme, ufuate barabara ya nguzo hadi hekalu la Qasr al-Bint, na usiache kuingia katika kanisa la enzi ya Bizanti lenye sakafu ya mozaiki, ambalo wapita njia wengi hawana habari nalo. Mchana ukipinduka, panda ngazi zipatazo 800 hadi Ad-Deir, jengo jingine lililochongwa mwambani. Jengo hilo huelekea magharibi, hivyo jua la alasiri huliangaza vyema, na kwa maoni yangu linaizidi Hazina, maana ni kubwa zaidi na halina msongamano. Punda hukodishwa kwa safari hiyo, lakini ngazi ni nyembamba na wanyama huteseka. Afadhali utembee na kupumzika njiani.

Siku ya pili rudi Hazina kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, jua linapoigusa, kisha panda hadi Al-Madhbah, madhabahu ya kafara iliyo juu ya mlima, uteremkie upande wa Wadi Farasa wenye makaburi yasiyo na foleni. Ukitaka kuitazama Hazina kutoka juu, fuata njia rasmi ya Al-Khubtha inayoanzia karibu na Makaburi ya Kifalme, wala usimfuate kijana anayekuita ukwee miamba isiyo na njia.

Beba maji, kofia, viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako, na dinari za noti ndogo kwa ajili ya chai na bakshishi. Wauzaji wengi ni Wabedui wa kabila la Bdul, waliokuwa wakiishi katika mapango haya hadi walipohamishiwa Umm Sayhoun katika miaka ya 1980. Salamu ya Kiarabu hufungua mazungumzo, na bei huafikiwa kabla ya kupanda mnyama. Safari fupi ya farasi kati ya lango na mdomo wa Siq imo ndani ya tiketi, ila mwenye farasi hutarajia bakshishi. Safari hiyo iweke akiba kwa jioni, kwa sababu njia uliyoiteremka asubuhi bila kuhisi ni mlima unapotoka.