Kiyoyozi Kisipowaka: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumwita Fundi

Kaskazi inapoanza kuvuma mwezi Desemba, na joto la Tanga likawa halipungui hata usiku, ndipo wengi wetu hukikumbuka kiyoyozi kilichozimwa tangu Kusi ilipoingia. Kwa kuwa siku hizo mafundi huwa wamezidiwa na kazi, ni vyema kukijaribu mwezi Novemba.

Kisipowaka, anza na umeme. Taa za sebuleni kuwaka hakuthibitishi kwamba kiyoyozi kinapata umeme, kwa sababu nyumba nyingi hukipa breka yake ya peke yake kwenye mein swichi, na mara nyingine kuna swichi nyingine ukutani karibu na mtambo wa nje. Breka iliyokata ishushe kwanza hadi chini kabisa, kisha ipandishe mara moja tu. Ikikata tena iache hapo hapo, maana huenda kuna shoti, na kuilazimisha ni kucheza na moto. Ikiwa umeme ni mdogo, jambo linalotokea sana jioni watu wanapowasha vyombo kwa pamoja, mashine inayotegemea volti 230 inaweza kukataa kuwaka ingawa feni ya kawaida ya nyumbani inazunguka. Tena, stabilaiza (kifaa cha kusawazisha volti) hushikilia umeme kwa dakika kadhaa baada ya kurudi, na kompresa, yaani pampu ya gesi ya kupoza, yenyewe husubiri dakika zipatazo tatu, kwa hiyo subira inahitajika kabla ya kubonyeza rimoti ovyo.

Rimoti nayo ichunguzwe. Badilisha betri, kisha ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze: ukiona kimwanga kikimetameta kwenye kioo cha simu, rimoti ni nzima. Viyoyozi vingi vina kitufe cha kuwashia chini ya kifuniko cha mbele cha mtambo wa ndani. Kikiwaka kwa kitufe hicho, tatizo liko kwenye rimoti au kwenye kipokezi chake.

Kwa wanaoishi karibu na bahari, kama Raskazone, hewa ya chumvi hula viungio vya nyaya na mapezi (vibati vyembamba vya kutolea joto) ya mtambo wa nje, hivyo kutu huwa ya kutiliwa shaka mapema kuliko kwa mtu wa Korogwe, mbali na bahari. Viumbe wadogo nao wamo: mwaka mmoja kiyoyozi changu kiligoma, na fundi alipofungua sanduku la nje akakuta mjusi aliyekaukia kwenye kontakta, swichi inayopeleka umeme kwenye kompresa. (Sisimizi, aliniambia, ni wabaya zaidi.) Hata hivyo, sanduku hilo usilifungue mwenyewe, kwani kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme wa kusaidia mota kuanza, huweza kubaki na chaji hata baada ya umeme kuzimwa.

Fundi anayesema “gesi imekwisha” kabla hajapima umeme mimi humtilia shaka. Upungufu wa gesi kwa kawaida huifanya mashine iwake bila kupoza. Kutowaka kabisa ni habari nyingine, ingawa baadhi ya mashine hujizima zenyewe zikigundua hitilafu na kuonyesha herufi au kumetesha taa. Ziandike herufi hizo, au hesabu taa imemeta mara ngapi, pamoja na modeli, ukubwa wa BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) na mara ya mwisho kiyoyozi kilipofanyiwa sevisi, kisha umsomee fundi kwenye simu, ili aje akiwa na kapasita au kontakta inayofaa badala ya kuja kutazama tu.