Unaenda Wudang Shan? Haya yaweke sawa kabla hujafunga begi

Wudang Shan ni mlima wa dini ya Tao uliopo mkoa wa Hubei, China, na kwa wenzetu wanaosoma Wuhan au walioko Guangzhou na Yiwu kwenye mambo ya mizigo ni sehemu inayofikika kabisa. Kutoka Wuhan unapanda treni ya kasi, masaa mawili hivi unashuka stesheni ya Wudangshan Xi, hapo unatafuta basi au teksi mpaka geti la mlima. Ila kabla hujakata tiketi naomba unisikilize kidogo, maana wengi wanaenda wakiwaza picha na kung fu tu, wakati pale watu wanaishi na wanaabudu mpaka leo, na mtu aliyejiandaa kwa hilo anaona vitu vingi ambavyo mwenzake anavipita hivi hivi.

Kwanza tarehe. Mwenye mlima ni Zhenwu, mungu wa upande wa kaskazini, yule anayechorwa na kobe na nyoka, na sikukuu zake zinafuata kalenda ya mwezi ya Wachina, tarehe 3 ya mwezi wa 3 wanaadhimisha kuzaliwa kwake na tarehe 9 ya mwezi wa 9 kupaa kwake mbinguni. Siku hizo mlima unajaa, na hata tarehe 1 na 15 za kila mwezi mwandamo watu wanaongezeka. Kama unataka kuona ibada yenyewe, ngoma na kengele na watawa wamevaa majoho, nenda siku hizo na ukubali msongamano. Ila likizo ya kuanzia Oktoba 1 mpaka 7 na ile ya Mei mosi mimi nakwambia achana nazo kabisa, utapanga foleni ya basi, foleni ya kebo (gari linaloning'inia kwenye waya), foleni ya choo, na hekalu utaliona kwa mgongo wa mtu. Aprili na mwanzoni mwa Novemba ndio hali ya hewa inaeleweka. Kiangazi chao kina mvua na radi, na baridi inaleta theluji, ni nzuri mno kuitazama ila ngazi zinateleza hatari.

Hiyo radi usiichukulie poa. Kule kileleni, mita 1,612, kuna Jin Dian, nyumba ya dhahabu iliyojengwa mwaka 1416 yote kwa shaba iliyopakwa dhahabu, kuta shaba, paa shaba, nguzo shaba, sasa fikiria chuma kama hicho kimesimama peke yake juu ya kila kitu. Zamani radi ilikuwa inaipiga mara kwa mara na watu wakasema mbingu inaisafisha, ndio maana haipati kutu. Wewe ukiona mawingu meusi mchana wa Julai shuka, kilele hakikimbii.

Kuhusu miguu. Watu wananiuliza kama watapata shida ya kupumua, hapana, Nairobi yenyewe iko juu kuliko kilele cha Wudang. Shida ni ngazi. Ni ngazi za mawe, nyingi, nyembamba sehemu nyingine, na hazina huruma na magoti. Ukitoka Nanyan, eneo la mahekalu na gesti chini ya kilele, kwa miguu mpaka juu ni kama masaa mawili matatu, unafika hekalu la Chaotian Gong njia inagawanyika, moja ni ile ya kale ya enzi ya wafalme wa ukoo wa Ming inayopita mageti matatu ya mbinguni, ngumu na mwinuko mkali, nyingine ya enzi ya Qing, ukoo uliofuata, ina afadhali kidogo. Mimi nashauri panda kwa ile ya Ming kama una nguvu, kwa sababu yale mageti yaliwekwa makusudi, kila moja unafika umechoka unainua kichwa unaliona juu yako, ndivyo mahujaji walivyokuwa wanaandaliwa moyo kabla ya kufika kwa mungu wao, na ukipanda kwa kebo kari moja kwa moja kutoka kituo cha Qiongtai hiyo hadithi yote unairuka. Kebo iache kwa kushukia. Lakini kama umeenda na mama au mtu mwenye presha, basi panda nayo bila kuona aibu yoyote, na ujue kwamba hata ukishuka kwenye kebo bado kuna ngazi za kutosha mpaka mlangoni.

Fanya mazoezi ya ngazi wiki kadhaa kabla, hata za ghorofa unayokaa. Viatu vyenye soli inayoshika, sio raba mpya. Koti la mvua, sio mwamvuli, upepo wa kule juu utakugeuzia mwamvuli. Maji, tishu za chooni kwa sababu mara nyingi hazipo, na sweta hata kama mjini kuna joto.

Sasa adabu, na hapa ndipo nina maneno mengi. Kwenye mahekalu kizingiti cha mlango kiko juu, unakivuka, hukikanyagi, na unapita pembeni sio katikati. Viatu huvui. Sanamu za miungu huzipigi picha na wala huzisonti kidole, nje piga picha unavyotaka. Ukikutana na mtawa mwite Daozhang, salamu yao unakunja ngumi ya kulia, ya kushoto unaifunika juu yake, mbele ya kifua, unainamisha kichwa kidogo. Sisi tumelelewa kwamba mkono wa kushoto haufai kumpa mtu kitu, kwao kushoto ndio upande wa heshima, hata vijiti vya udi unavichomeka kwa mkono wa kushoto, vitatu, kimoja kimoja. Usimuulize mtawa umri wake, kwao ni kosa. Na usiwasalimie kwa Amituofo ambayo umeisikia kwenye muvi, hiyo ni ya Mabudha.

Kuna anayejiuliza, mimi Muislamu, mimi Mlokole, naingiaje humo? Unaingia kama mgeni. Hakuna anayekulazimisha kuwasha udi wala kuinama, simama kando, nyamaza, angalia, inatosha kabisa na watakuheshimu. Chakula cha halali tafuta mjini kwenye migahawa yenye maandishi 清真, yahifadhi kwenye simu uyaonyeshe, kule juu sehemu kubwa utapata tambi na mboga, na ukipata nafasi ya kula chakula cha watawa hakina nyama kabisa.

Soma historia kidogo kabla, hata nusu saa. Mfalme Yongle wa China alimnyang'anya mpwa wake kiti cha enzi mwaka 1402, akadai Zhenwu ndiye aliyemsaidia, na kuanzia 1412 akaanza kujenga mahekalu mlima mzima kama shukrani, mafundi wanatajwa kuwa laki tatu. Ni Yongle huyo huyo aliyejenga ikulu ya Beijing, na ndiye aliyepokea twiga kutoka Malindi mwaka 1415, yaani mwaka mmoja tu kabla ya nyumba ya dhahabu kukamilika, sijui kwa nini hatufundishwi hili shuleni! Ukilijua hilo ukasimama pale juu, mlima unakuwa sio wa wageni tena.

Na ukijua ya mfalme jifunze na ya mtoto wa mfalme, maana hadithi ya Zhenwu ndiyo imepanga vituo vyote. Alikuwa mwana wa mfalme, akaacha ufalme akaja kutafuta njia ya Tao, akakata tamaa, akawa anaondoka, ndipo akamkuta bibi kizee ananoa mtaimbo wa chuma mpaka uwe sindano. Akarudi mlimani. Kisima cha sindano hiyo, Mozhen Jing, kipo njiani, na Taizi Po ndipo alipokaa akiwa kijana. Zixiao Gong usiipite haraka, ndio hekalu lenye uhai zaidi, asubuhi mapema watawa wanasoma dua kwa kuimba. Nanyan kuna jiwe la kichwa cha dragoni limechomoza nje ya jabali kama mita tatu, zamani watu walitembea juu yake kuchomeka udi, wakaanguka wakafa, mpaka mwaka 1673 ikapigwa marufuku. Sasa kuna geti. Usiruke geti kwa ajili ya picha, tafadhali sana.

Mambo ya simu na hela yamalize kabla. WhatsApp na Google kwa intaneti ya China hazifunguki, weka VPN ukiwa bado nyumbani au tumia laini yako kwa romingi. Pakua tafsiri ya Kichina inayofanya kazi bila mtandao. Kulipa ni Alipay au WeChat, unaunganisha na kadi yako ya benki, na weka yuan taslimu kidogo kwa mafungu ya udi na maji. Pasipoti tembea nayo, inatakiwa kwenye treni, kwenye tiketi ya mlima na hotelini. Viza nayo uwe nayo mapema, Mtanzania na Mkenya wote wanahitaji.

Lala usiku mmoja juu, maeneo ya Nanyan kuna gesti, ila piga simu kwanza uulize kama wanapokea wageni wa nje. Begi kubwa liache hoteli ya mjini. Ulizia basi la mwisho la kushuka unapoingia tu getini, sio saa kumi jioni miguu ikiwa imekwisha. Na treni ya kurudi Wuhan usikate ya jioni ile ile, ukungu ukishuka kebo inaweza kusimama na utabaki unazishuka ngazi zote kwa miguu yako.