Kuchapa ndala kwa skrini

Kwa anayeanza sanaa ya popu, ile inayochora vitu vya kawaida vya kila siku, mimi humpa ndala, ile ya bluu na nyeupe ya kuogea. Dar kila nyumba inayo na hakuna anayeitazama. Andy Warhol, msanii wa popu wa Marekani, naye alichagua makopo ya supu, vitu vya jikoni kwao. Picha zake 32 za mwaka 1962 alizichora kwa mkono. Kuchapa kwa skrini, yaani kupitisha wino kwenye wavu wa nyuzi uliovutwa kwenye fremu, alianza miezi michache baadaye.

Piga picha ndala moja kutoka juu, kisha ichore upya kwa mistari minene. Sasa punguza. Toa kivuli, toa vumbi, toa mikwaruzo, na kila ukitoa kitu muulize mtu aliye karibu: hiki nini? Ukifuta mikanda, soli peke yake yaweza kuwa chochote. Ukibakiza mikanda na ukingo tu, hata mtoto anasema ndala papo hapo. Kaa sana kwenye hatua hii, kwa sababu kazi yote iko hapa.

Peleka mchoro steshenari wautoe kwa wino mweusi tii kwenye plastiki angavu, karatasi moja kwa kila rangi. Rangi ya bluu ivuke kidogo chini ya mstari mweusi, kama milimita 1, isije ikaacha mwanya.

Skrini ya kuchapia karatasi iwe na nyuzi 77 kwa sentimita. Ya fulana, 43. Ipake dawa ya mwanga, ile inayogandishwa na mwanga, nyembamba, ndani ya chumba chenye giza. Masika, iache na feni mpaka ikauke kabisa, maana unyevu wa Dar huichelewesha, na dawa mbichi huoshwa yote ikatoka. Weka mchoro juu ya skrini, kioo juu yake, itoe juani. Jua la saa sita ni kali mno, kwa hiyo jaribu muda kwenye kipande kidogo kwanza. Ukiosha, palipofunikwa na weusi panafunguka.

Inua skrini milimita 3 juu ya karatasi kwa vipande vya kadibodi. Vuta wino kwa mpira wa kuchapia mara moja, mpira ukiwa umelala kiasi, bila kusita. Bluu itangulie, ikauke, ndipo nyeusi. Jaza karatasi safu kwa safu, na mahali pamoja weka ndala nyekundu badala ya bluu, kama tunavyozivaa uani zisipolingana.

Osha skrini palepale. Wino wa maji ukikaukia kwenye nyuzi, haufunguki tena kirahisi.