Okidi zinazochanua nje: anza na majimoto

Okidi zangu zinaning'inia nje mwaka mzima, chini ya mwembe hapa Mikindani. Joto la pwani haliziumizi, mradi zipate kivuli. Kinachoziumiza ni wadudu, na ukiniuliza nianze na yupi nitakujibu majimoto, wale sisimizi wakali wanaoshona viota vya majani mitini, ingawa yeye hatafuni okidi. Wadudu gamba na vidung'ata wananyonya mmea na kutoa majimaji matamu. Majimoto wanayanywa, na kwa shukrani wanawafukuza wadudu ambao wangekula hao vidung'ata. Ni wafugaji na mifugo yao. Ukiua mifugo ukamwacha mfugaji, atarudisha wengine.

Hapo ndipo tunapopishana na shemeji yangu mwenye mikorosho Naliendele. Kwake kiota cha majimoto ni neema, maana wanamfukuzia mbu wa mikorosho, mdudu anayenyonya machipukizi, si mbu wa kawaida. "Shemeji, usiwaue hao, ni askari," huniambia. Sawa, wakae kwake. Mimi siwaui, nawakatia njia.

Ning'iniza kila chungu kwa waya wake, na hakikisha hakuna jani linalogusa tawi wala chungu cha jirani, kwa sababu jani moja tu linatosha kuwa daraja. Paka grisi kwenye waya, upana wa vidole vinne. Juu ya grisi funga kipande cha chupa ya plastiki kama mwavuli ili mvua isiioshe. Vumbi likishaifunika, ifute upake upya. Kama unatumia meza, simamisha miguu yake ndani ya makopo ya maji yenye mafuta kidogo juu, mbu wasije wakazaliana humo.

Kisha chunguza ndani ya chungu. Makumbi ya nazi yakizeeka huoza, na sisimizi weusi hupenda kutagia humo. Zamisha chungu kwenye ndoo ya maji hadi ukingoni kwa robo saa au zaidi, utawaona wakitoka na mayai mdomoni. Mimi siku hizi naweka mapande ya mkaa zaidi kuliko makumbi. Mkaa hauozi.

Njia ikishakatika, shughulika na waliobaki. Vidung'ata, wale weupe kama pamba, wafute kwa pamba yenye spiriti, hasa kwenye kikonyo cha jani wanakojificha. Gamba wanang'ang'ania, hivyo sugua taratibu kwa mswaki laini wenye maji ya sabuni. Halafu pulizia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni, ukilenga chini ya majani, na suuza asubuhi. Sabuni ya unga ya kufulia usiiguse. Rudia kila wiki kwa wiki tatu, kwa sababu mayai hayafi kwa sabuni.

Mwarobaini nao unafaa. Twanga gramu 50 za kiini cha mbegu, loweka usiku kucha kwenye lita moja ya maji, chuja, pulizia jioni. Jua huuharibu haraka.

Jambo ambalo vitabu vya kigeni havitakuambia: kuanzia Juni jirani zako wanapuliza salfa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, na upepo unakuletea vumbi lake. Salfa na mafuta havipatani, majani huungua. Osha majani kwa maji mengi, na usipulizie mafuta ya mwarobaini wala mafuta mengine mpaka mwezi upite.

Msimu huo huo wa kiangazi ndio wa utitiri. Futa chini ya jani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na madoa mekundu, rushia maji upande huo kila asubuhi.

Chipukizi la maua likitokea, mambo yanabadilika. Vidukari wakiganda kwenye shina la ua, waoshe kwa maji na vidole. Maua yakishafunguka usiyapulizie kitu chochote: petali zitaota madoa, na nyuki wanapita. Ukiona petali zina michirizi ya kahawia, kung'uta ua juu ya karatasi nyeupe. Vijidudu vyembamba vikianguka vikatembea, hao ni thripsi. Kata ua hilo, litie kwenye mfuko, ufunge. Inauma, lakini yaliyofumba bado yatapona.

Mvua zikianza, Novemba au Desemba, konokono na koa hufuata ncha za mizizi na vichipukizi usiku. Weka maganda ya papai chini jioni, ukawaokote alfajiri. Zile chembechembe za kuulia konokono siziweki, nina kuku.

Na okidi mpya, hata ukipewa na dada yako, itundike mbali na nyingine kwa mwezi mzima. Kisu cha kukatia kipitishe motoni kabla ya kwenda mmea mwingine, maana virusi vya okidi havina dawa.