Somo: Kuandika kibao cha duka kwa herufi nene za serifu bapa

Kibao cha Goma kinasomwa na mtu aliye juu ya pikipiki, vumbi machoni. Ndiyo maana nazipenda herufi za serifu bapa. Kila moja inasimama juu ya kikanyagio cha mstatili, kinene karibu sawa na mwili wake. Zilianza London mwanzoni mwa karne ya 19, kwa matangazo. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York akaanza kuchonga kwa mashine herufi za mbao za kuchapia, kwa sababu herufi kubwa za madini ya risasi zilikuwa nzito na ghali.

Kwanza, pakua Alfa Slab One, fonti ya herufi hizi. Ni ya bure, hata kwa kazi ya malipo.

Pili, punguza maneno. Mteja atataka uandike kila anachouza. Mkatalie kwa upole: jina la duka peke yake ndilo linapewa herufi nene, mengine yaandike kwa fonti nyembamba ya kawaida.

Tatu, nafasi. Hapa ndipo vibao vingi vinaharibika. Chukua neno SALAMA. Kati ya L na A juu kuna pengo kubwa, lakini chini vikanyagio vinakaribia kugusana, kwa hiyo huwezi kuzisogeza zaidi. Basi achanisha herufi nyingine kidogo kidogo mpaka weupe kati ya herufi ulingane neno zima. Kompyuta haitakufanyia hivyo, tumia jicho. Tazama pia tundu la A: likiwa dogo, brashi italiziba. Kuza herufi, au tumia fonti ya Rokkitt, ambayo nayo ni ya serifu bapa lakini nyepesi zaidi.

Nne, chapisha kwenye karatasi za A4, ziunge kwa gundi, toboa ukingo wa herufi kwa sindano, bandika kwenye kibao kisha pangusa unga wa makaa juu yake. Ukitoa karatasi utaona nukta za kufuata. Pembe zichore kwa brashi bapa, zibaki kali.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwenye ÉPICERIE alama ya É inagonga mstari wa juu. Niifute?*
Hapana ndugu, kwa Kifaransa hilo litakuwa kosa la tahajia. Ongeza nafasi kati ya mistari.

*Ukuta wangu hapa Ndosho ni wa mawe ya volkano. Nichore moja kwa moja?*
Usichore, mama. Matundu ya mawe yatakula pembe za vikanyagio. Piga lipu sehemu hiyo kwanza, au chora kwenye ubao utundike.

*Zinafaa mwaliko wa harusi?*
Majina ya maharusi, ndiyo. Maelezo ya ukumbi na saa yatakuwa doa jeusi, hakuna atakayesoma.

*Nataka maandishi meupe juu ya bluu iliyokoza.*
Vizuri sana, ila nyeupe juu ya giza huonekana nene kuliko ilivyo. Panua nafasi kati ya herufi kidogo kabla ya kuchapisha.