Jinsi ya Kusomea na Kujenga Kazi ya Uratibu wa Sherehe na Mikutano Arusha

Anayetaka kuishi kwa kuratibu sherehe na mikutano ana bahati akiwa Arusha, kwa sababu kazi hii ina sura mbili na zote zinapatikana katika mji mmoja. Kipo Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, kilichoanzishwa mwaka 1978 katika majengo yaliyokuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, na zipo Jumuiya ya sasa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambazo vikao vyake huleta wajumbe wa nchi nyingi. Kisha zipo harusi, sendoff, kipaimara na mahafali. Jifunze pande zote mbili kabla ya kuchagua, maana harusi hufundisha kubana fedha na mikutano hufundisha kutunza muda.

Kuhusu masomo, usikae nyumbani ukisubiri kozi yenye jina la uratibu wa matukio. Kozi za hoteli, utalii, uhusiano wa umma au usimamizi wa biashara zinafaa, na kwa mkazi wa Arusha kuna Chuo cha VETA cha Hoteli na Utalii kilichopo Njiro na Kampasi ya Arusha ya Chuo cha Taifa cha Utalii. Hakikisha chuo chochote unachokichagua kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, kisha uliza mafunzo kwa vitendo yanafanyika wapi na kwa muda gani, kwani hilo lina uzito kuliko ukubwa wa majengo. Katika ngazi za tuzo za baraza hilo, ya 4 na ya 5 ni za astashahada, na ya 6 ni stashahada. Somo la hesabu za biashara, ambalo wanafunzi wengi hulikwepa, ndilo ningelipa kipaumbele kuliko mapambo, ingawa mapambo ndiyo yanayopigwa picha.

Darasa la pili ni kamati ya harusi. Omba kuwa katibu au msaidizi wa mweka hazina katika kamati ya ndugu au jirani, kwa sababu hapo utaona tofauti kati ya ahadi na fedha taslimu. Tuseme ahadi zilizoandikwa ni shilingi milioni 18, lakini wiki mbili kabla ya harusi zimeingia milioni 11 tu. Wageni 300 kwa sahani ya shilingi 25,000 wanachukua milioni 7.5, na zinazobaki, milioni 3.5, ndizo zinazogombewa na ukumbi, mapambo, muziki, picha na MC. Mratibu makini hupanga kwa milioni 11, akaandika pembeni, kwa mpangilio wa umuhimu, ni nini kitaongezwa ahadi zikilipwa. Asiyefanya hivyo hujikuta akibishana na mpishi mlangoni mwa jiko.

Ratiba nayo iandikwe kwa safu nne: saa, tukio, mhusika na kifaa kinachohitajika. Kuandika tu kwamba maharusi wanaingia saa 1:30 usiku hakutoshi. Iandikwe pia kwamba mpiga picha awe amesimama mlangoni, wimbo uwe tayari kwa DJ, na nani atampa MC ishara. Kwa familia za Kichaga, ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa, ina nafasi yake katika ratiba kama keki ilivyo na nafasi yake, na ni lazima ijulikane mapema nani anaileta ukumbini, nani anaikata na nani anaanza kulishwa.

Upande wa mikutano huingiwa kwa vibarua vya muda. Maonyesho ya utalii ya Karibu-KiliFair mwezi Juni, Nane Nane pale Themi, na Kilimanjaro Marathon kule Moshi huhitaji watu wa kupokea wageni, kusajili na kuelekeza. Ukiwa hapo, angalia itifaki ya kuketisha viongozi, vibanda vya wakalimani, na namna jenereta linavyojaribiwa kabla wajumbe hawajafika.

Ukiamua kujitegemea, sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, pata TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka Mamlaka ya Mapato (TRA) na leseni ya biashara kutoka halmashauri. Weka akiba kwa miezi ya ukame: wakati wa Kwaresma harusi za Wakristo hupungua sana, na masika huziharibu sherehe za bustanini, lakini Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani, kazi huwa nyingi kuliko siku zilizopo.

Mkataba uandikwe hata kwa rafiki. Utaje huduma moja moja, idadi ya wageni, malipo ya awali na tarehe ya mwisho ya kubadilisha idadi hiyo. Salio lilipwe kabla ya siku ya sherehe, au, ikishindikana kabisa, kabla ya kile kikao cha kuvunja kamati. Kamati ikishavunjwa, hakuna mtu atakayepokea simu yako kwa niaba yake.